Mguu wa Solange na Miaka Yangu ya Ukalimani

Ninyi mliobaki kazini mmeniomba niwaandikie kidogo juu ya miaka yangu ya ukalimani, nami nimekubali, maana mtu aliyestaafu juzi hajui afanye nini na asubuhi zake. Msitafute humu habari za vyeti wala za nani alipanda cheo. Nitaandika zaidi juu ya hofu. Ilinisindikiza kazini kila siku, tangu Louisville hadi Buffalo, na kwa muda mrefu nilidhani ni ugonjwa wangu peke yangu.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, kwa hiyo Kiswahili changu ni cha darasani na cha kwaya. Tulipofika Amerika, mjini Louisville, mimi na marehemu mume wangu, nilianza kwa kukunja nguo ghalani. Kisha ofisi moja ikatafuta watu wa kufasiri hospitalini, na mchungaji wetu akataja jina langu bila kuniuliza. Wachungaji wana tabia hiyo.

Aliyenifundisha ni Njeri, dada wa Kikenya aliyekuwa mdogo kwangu kwa miaka mingi lakini mkubwa kwangu kwa kazi. Alinifundisha kukaa kando ya mgonjwa, nyuma yake kidogo, ili mgonjwa na mtaalamu watazamane wao kwa wao wasinitazame mimi. Alinifundisha kuvaa viatu visivyolia. Na asubuhi ya siku yangu ya kwanza, tukiwa bado ndani ya gari lake, aliniambia: "Mama Domitila, ukiingia pale wewe si mama ya mtu. Wewe ni sauti. Kitu yoyote inasemwa kwa hiyo room, unaisema. Everything. Hata matusi."

Kliniki ilikuwa mtaa wa Highview, ya mazoezi ya viungo, imebanwa katikati ya saluni ya kucha na duka la piza, hivyo wagonjwa walikunja miguu huku wakinusa jibini. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa Mkongomani wa makamo aliyeteguka mguu akishuka kwenye lori kazini. Nikamuuliza kwa Kiswahili changu safi kama kifundo cha mguu kinamuuma upande wa ndani au wa nje. Akanitazama kana kwamba nimemsomea kitabu cha Mambo ya Walawi. Mwishowe alijigusa kifundo, akasema kwa Kifaransa, "Ah, cheville." Toka siku hiyo nilibeba mkobani picha ya mguu iliyochorwa mifupa na kano, na kila mgonjwa alinionyesha kwa kidole kabla sijafungua mdomo. Picha hiyo iliniokoa mara nyingi kuliko kamusi.

Bwana yule alilalamika kwamba mke wake amechoka kumkanda. Sheria yetu ni kusema kama mwenyewe alivyosema, akisema mimi nami nasema mimi, basi nami nikatangaza kwa Kiingereza kwamba mke wangu amechoka kunikanda. Mtaalamu aliinamisha kichwa asicheke mbele ya bibi mwenye kilemba. Nilicheka na mimi nilipofika nyumbani. Lakini kwanza nilikaa garini muda mrefu, nikiwaza: mtaalamu akisema usikanyage, nami ulimi ukateleza nikasema kanyaga, mguu wa mtu utavunjika kwa sababu yangu. Wazo hilo halikuniacha tena.

Mume wangu alipofariki nilimfuata kijana wetu Columbus. Huko nilijifunza kuogopa hata maneno mepesi. Kulikuwa na Bahati, beki wa timu ya Wakongomani iliyocheza kila Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amevunjika kifundo akaungwa kwa skurubu, na siku ilipofika ya kuanza kukanyaga, mtaalamu akamwambia aweke uzito kadiri anavyoweza kuvumilia. Nikafasiri hivyohivyo. Bahati akaacha magongo akasimama juu ya mguu ule mmoja. Alikuwa anatabasamu, lakini jasho lilimtoka kwenye nywele. Nikaona kinachotokea. Mwambie mtu wa Kivu avumilie, atavumilia mpaka azimie, maana ndivyo alivyolelewa. Niliinua mkono, nikasema mkalimani anaomba kufafanua jambo. Mtaalamu akabadilisha usemi: maumivu yakianza kuongezeka, acha hapohapo. Bahati akashusha mguu, akakaa, akakiri kwamba alikuwa karibu kutapika. Alirudi uwanjani mwaka uliofuata. Mimi nilibaki naliogopa neno kuvumilia, na hata kanisani likitajwa moyo hunipiga.

Halafu binti yangu akajifungua mapacha Buffalo, na nyote mnajua bibi huishi wapi wajukuu wakizaliwa. Huko ndiko nilikokutana na mgonjwa ninayetaka kuwaandikia hasa. Nitamwita Solange. Si jina lake, na yeye na mama yake wameniruhusu kuandika, baada ya kunitaka niwasomee rasimu mara mbili.

Solange alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, kiungo wa timu ya mpira ya shule yake, mrefu, mwenye mabega ya mtu asiyependa kusubiri. Majira ya kuchipua mchezaji mwingine alimwangukia mguuni. Mfupa wa nje wa kifundo ulipasuka na kano zikachanika. Alipoletwa kwa mtaalamu wetu, mama wa Kimarekani aitwaye Colleen, alikuwa ametoka tu kwenye buti la plastiki, na mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto. Mama Solange alikuja naye moja kwa moja kutoka zamu ya kiwandani Lackawanna. Alikuwa mjane, Mkongomani wa Fizi, mwenye maneno machache. Mtoto alimjibu mama yake kwa Kiingereza, mama alimwuliza kwa Kiswahili, na mimi nilikaa katikati kama daraja linalokanyagwa pande zote mbili.

Kama kawaida nilianza kwa kuwaambia kwamba nitafasiri yote yatakayosemwa chumbani, na kwamba hakuna nitakalolitoa nje ya mlango. Mama Solange akaitikia. Solange alikuwa anatazama simu.

Colleen akamuuliza mama anatamani nini matibabu yakiisha. Mama Solange akajibu, "Nataka akimbie."

Nikafasiri. Colleen akafurahi, akasema bila shaka, tukifanya kazi vizuri atakuwa uwanjani vuli ikifika. Nikarudisha maneno hayo kwa Kiswahili, na Mama Solange akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Haiko mupira. Akimbie."

Nilijua nimeshika neno kwa upande mmoja tu. Nikaomba ruhusa nimuulize anasema kukimbia gani. Mama Solange alitazama sakafu, kisha akasema polepole, na mimi nikafuata nyuma yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, nikisema dada yangu kana kwamba ni dada yangu kweli. "Dada yangu mudogo alivunjikaka mguu, hapahapa. Hakukuwa muganga. Mguu ikapona vibaya. Bon, siku ile batu ya bunduki balikuja, siye tulikimbia. Yeye hakuweza."

Colleen aliweka kalamu mezani. Nami nilikuwa na umri wa kukumbuka njia za porini tulizozipita tukikimbia, lakini sauti haitakiwi kuwa na kumbukumbu zake. Solange alikuwa ameacha simu. Hakuwahi kuisikia habari ile. Kisha akasema kwa Kiingereza, kwa upole lakini kwa ukaidi, kwamba hapa ni Amerika, hakuna mtu anayekuja. Ilinibidi nimfasirie mama yake hata hilo. Mama Solange akaniambia mimi, si binti yake, kwamba kule nyumbani pia kuna wakati watu walisema hivyo.

Basi mazoezi yakaanza. Wale mnaofanya kazi kliniki za viungo mnajua yalivyo: kuvuta utepe wa mpira kwa vidole, kusimama kwa mguu mmoja juu ya ubao unaoyumba, kupanda na kushuka kibao. Ni kazi ya kuchosha hata kwa anayeifasiri. Colleen alieleza kwamba mfupa huunga wenyewe, bali kifundo husahau pale kilipo angani, na lazima kifundishwe upya. Mama Solange aliuliza kama mguu unaweza kusahau. Colleen akasema ndiyo. Mama akaguna, akasema basi mguu una bahati.

Kiangazi kilipoendelea Solange alipata nguvu. Alikanyaga vizuri, akaanza kukimbia kwenye mkanda wa mashine. Lakini ilipofika zamu ya kuruka kwa mguu mmoja kutoka kwenye kisanduku kifupi, alisimama juu yake akashindwa kuondoka. Nilimwona akikunja ngumi. Colleen akamuuliza kama kuna maumivu. "I'm fine," akasema. Jibu lake lilikuwa hilo kila siku, na mimi nilimfasiria mama yake kila siku, niko salama, niko salama, mpaka maneno yale yakaniogopesha. Kama ni kweli hana neno, mbona haruki?

Siku moja aliruka. Akaruka tena. Colleen akapiga makofi, na mama yake akafumba macho kila mguu ulipogusa chini.

Timu ya shule ilikuwa inaanza mazoezi mwisho wa kiangazi. Kocha alikuwa amemwambia Solange kwamba nafasi yake ataipata akiruhusiwa kabla ya hapo, na kulikuwa na chuo ambacho watu wake walikuwa waje kumtazama akicheza. Alikuwa haoni kitu kingine. Siku ya kupimwa kwa ajili ya ruhusa, alikuja amesuka nywele upya kama anayekwenda harusini.

Vipimo vilikwenda vizuri. Colleen akakaa kwenye kiti chake cha magurudumu, akauliza swali lililobaki: tangu mara ya mwisho, je, kifundo kimewahi kulegea ghafla na kukuangusha? Solange akasema hapana.

Nikafasiri swali na jibu. Mama Solange akamgeukia binti yake. "Na kule ku ngazi ya kanisa? Si ulianguka juzi?"

Solange hakujibu kwa Kiingereza. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alitumia Kiswahili cha mama yake, kwa sauti ya chini, haraka. "Mama, nyamaza. Usimuambiye. Akijua hataniacha nicheze."

Chumba kilikuwa kidogo. Kila mtu alisikia, ila mmoja hakuelewa. Colleen akanitazama, akingoja. Mama Solange naye akanitazama, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba. "Mama Domi," akasema, "ile iache. Ni mambo ya nyumba."

Nataka mjue nilivyokuwa, kwa sababu mtakuja kukaa kwenye kiti hicho. Niliwajua hawa watu. Tuliimba nao, tulinunua sombe, majani ya muhogo, duka moja. Niliona miezi yote ya yule mtoto kwenye ubao ule. Niliwaza pia kwamba huenda ni kujikwaa tu, nani hajajikwaa ngazini? Lakini nilikuwa nimewaambia siku ya kwanza kwamba nitasema yote, na ule mguu haukuwa wangu hata niuchagulie. Nikafungua mdomo, nikasema yote. Nikasema, si ulianguka juzi. Nikasema, mama nyamaza, usimwambie. Nikasema, Mama Domi, iache, ni mambo ya nyumba. Sikuruka hata neno.

Kisha Solange akaangua kilio, akaniambia kwa Kiingereza kwamba ananichukia. Nikamgeukia mama yake nikafasiri hilo pia.

Colleen hakumkemea. Aliinua mguu wa mtoto, akaushika kisigino kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akausukuma kwa namna ambayo hakuwa ameufanyia siku ile. Uso wake ulibadilika. Alisema hatatoa ruhusa mpaka mguu upigwe picha tena.

Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko yote ya kazi yangu. Mama Solange aliomba mkalimani mwingine, na akapewa. Sikujua picha imeonyesha nini, na sikuwa na haki ya kuuliza. Niliingia duka letu la sombe, mtaa wa Grant Street, watu wakapunguza sauti. Mwanamke mmoja niliyesimamia ubatizo wa mtoto wake alinisalimu bila kunipa mkono. Binti yangu aliniletea habari kamili: inasemwa kwamba yule mama wa Kirundi hupeleka siri za watu kwa Wazungu. Nilikuwa nimeapa kutotoa neno nje ya mlango, kwa hiyo sikuweza hata kujitetea. Kila simu ya ofisi ilipolia nilidhani ni ya kunifukuza, au, vibaya zaidi, ni habari kwamba nimemnyima mtoto chuo bure, kwa sababu ya ngazi moja.

Asubuhi moja nilikuwa duka lilelile nachagua mihogo. Mtu akasimama kando yangu. Alikuwa Mama Solange, bado na vumbi la kiwanda kwenye kola. Nilishika muhogo mikononi kama mtu anayesubiri kupigwa.

Akasema picha ilionyesha kano moja haikuwa imeunga, ilikuwa imelegea, na daktari alisema kwamba kwa hali ile kifundo kingemwangusha tena, pengine uwanjani, pengine vibaya. Hawakumpasua. Walimpa kifunga kifundo chenye kamba na mazoezi mengine, na nafasi yake timuni kwa sasa amepewa mwingine.

Nikamwambia nasikitika.

Akasema, "Siku ile nilikukasirikia sana. Miye ndiye nilisema uache. Miye, na dada yangu namukumbuka kila siku." Akachukua muhogo. "Niliogopa mutoto atanichukia. Donc nikaogopa ile kidogo, nikasahau ile kubwa."

Tulichagua mihogo pamoja. Alikuwa na jicho zuri kuliko langu, alivunja ncha ya kila muhogo kuona weupe wake. Kabla ya kuondoka akaniuliza kama nitarudi kuwafasiria. Nikarudi. Solange hakusema nami kwa muda, na mimi sikumlaumu. Lakini alianza kusema "inauma" pale palipouma. Kwa mara ya kwanza Colleen alikuwa na kitu cha kufanyia kazi.

Ruhusa ilipotoka vuli ilikuwa imeshaingia, na mimi nilikuwa nimestaafu siku chache kabla yake. Wenzangu walinikatia keki yenye jina langu lililokosewa, nikaila hivyohivyo. Kisha Mama Solange akapiga simu, akasema mtoto anacheza Jumamosi Lackawanna, na kwamba yeye hawezi kukaa peke yake. Nilikuwa huru kwenda. Hakuna sheria inayomzuia bibi kutazama mpira.

Upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Tulikaa kwenye ngazi za mabati, shuka moja magotini mwetu wote wawili. Solange aliingizwa kipindi cha pili. Mwanzoni alikuwa akiupiga mpira mara tu unapomfikia, kana kwamba unaunguza, na nilijua anaogopa, kwa sababu mama yake aliogopa, nami niliogopa. Polepole akaanza kuutuliza mguuni. Akampita mmoja. Akaanza kupaza sauti kwa wenzake.

Halafu msichana wa upande wa pili akamjia kutoka ubavuni, miguu ikagongana, na Solange akaanguka juu ya mguu uleule.

Mama Solange alisimama, shuka likaanguka. Hakupiga kelele. Kocha aliita kutoka pembeni akiuliza kama yuko salama. Nilijua jibu la Solange. Nilikuwa nimelifasiri kiangazi kizima.

Solange alikaa kwenye nyasi, akakanyaga, akasimama. Akaweka uzito. Kisha akatikisa kichwa, akainua mkono juu, akatoka uwanjani kwa miguu yake akichechemea, akapita benchi la timu, akaja mpaka tulipokuwa.

"Mama," akasema, "inaniuma. Niko naogopa."

Mama Solange akamkalisha. Mama wa huduma ya kwanza wa timu akaja, akafungua njumu, akausukuma mguu huku na huku, akabonyeza kila mahali. Mama Solange alinitazama mara moja tu. Nikamwambia alichosema yule mama: kano ziko imara, ni mshtuko na jeraha la juu juu, anaweza kurudi akitaka, na asipotaka hakuna ubaya.

Solange aliinua macho kwa mama yake. Alikuwa anangoja.

Mama Solange alifunga njumu mwenyewe, akavuta kamba, akakaza, akajaribu fundo kwa kidole.

"Bon," akasema kwa sauti ndogo. "Enda."

Msichana akashuka ngazi, akarudi uwanjani. Mama Solange alikuwa ameshika mkono wangu, na hakuuachia mpaka refa alipopiga filimbi ya mwisho.